Kufanana si Kuchukuana

Kosa lilikuwa langu, hasara ikawa ya wifi yangu: yadi nne za pamba ya waridi ambazo mpaka leo zimekunjwa kabatini kwake huko Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani.

Mwaka juzi wifi aliokota, katika duka la vitu vilivyotumika, mfuko uliojaa maua ya vitambaa. Kila ua lilikuwa la vipande vya pembesita: kimoja cha njano katikati, sita vya rangi moja vikikizunguka, kisha kumi na viwili vya chapa ya maua madogo madogo. Vipande 19 kwa ua moja, vyote vimeungwa kwa mkono. Nyuma ya baadhi yake karatasi zilikuwa bado zimo. Ndivyo kazi hii inavyofanywa: unakata karatasi kwa umbo kamili, unaifunika kwa kitambaa, unashikiza kingo kwa uzi wa muda, kisha unaunga kipande na jirani yake kwa mishono midogo ya ukingoni. Karatasi hutolewa pale tu kipande kinapokuwa kimezungukwa pande zote sita. Kwa hiyo palipobaki karatasi ndipo sindano iliposimama. Mshonaji alikuwa ametumia gazeti.

Wamarekani huuita mtindo huo Bustani ya Maua ya Bibi, na ulipendwa mno katika miaka ya 1930. Kazi iliyoachwa njiani nayo wana jina lake la utani, UFO, herufi zile zile wanazoitia vyombo vya ajabu vya angani. Sisi hatuna haja ya kupanda angani. Tunalo neno kiporo. Mechi ya ligi iliyoahirishwa ni kiporo, ubwabwa wa jana ni kiporo, na mfuko ule wa wifi ulikuwa kiporo cha karibu miaka 90. Neno linafaa zaidi kwa sababu kiporo hakitupwi. Hupashwa moto, na mara nyingine huongezewa kitu kipya ili kitoshe watu.

Hapo kwenye kuongezewa ndipo tulipojikwaa. Maua yalikuwa 31, hayatoshi kushona mfarishi, tandiko la kitanda, na yalihitaji kitambaa cha kuyatenganisha na kingine cha ukingo. Wifi akanipigia simu. "Wifi, vitabu vya huku vinaniambia nitafute vitambaa vya namna fulani, nikiuliza dukani wananionyesha ukuta mzima. Wewe si ndiye unayetafsiri kitabu cha ushonaji? Hilo neno lao kwa Kiswahili ni nini?"

Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu, lakini Kiingereza cha kazini si cha cherehani. Nami, sufuria ikiwa jikoni, nikamjibu haraka: tafuta vitambaa vinavyofanana na vya zamani.

Akatii. Alichukua ua moja mkononi, akazunguka maduka matatu hadi akapata waridi lililokaribia kabisa waridi la yule mshonaji. Aliponitumia picha ya vipande vipya vikiwa kando ya vya zamani, hata mimi nisiyejua kazi hiyo niliona kuna jambo. Waridi jipya lilionekana la bei rahisi, la zamani likaonekana chafu. Wifi alisema: "Inaonekana kama nilikuwa naitafuta rangi, nikaikosa."

Mtu yeyote aliyewahi kushona sare ya harusi anaijua aibu hiyo. Ndugu wa bwana harusi wamelipia kitambaa, jora la kwanza likaisha, la pili likatoka kiwandani rangi imepishana kidogo tu. Ukumbini wote wamevaa zambarau, na macho ya wageni hayaoni zambarau, yanaona nani kachelewa kulipa. Laiti wale wa jora la pili wangevaa rangi nyingine kabisa, hakuna ambaye angewatazama mara mbili. Rangi zilizo mbali hazilinganishwi. Zilizokaribiana sana hushindanishwa, na kuna itakayoshindwa.

Basi nikarudi kwenye neno lenyewe, coordinate. Katika Kiingereza ni lile lile linalotumika kwa ofisi za serikali zinazofanya kazi kwa mpango mmoja, na kwa mikono na miguu ya mchezaji inayosikilizana. Asili yake ni Kilatini, na kiini chake ni kupanga pamoja. Kamusi zetu hutupa kuratibu. Kwa mkutano wa wadau, sawa. Lakini mwambie mwenye duka Kariakoo kwamba unataka vitambaa ratibu, atakuuliza kama una barua ya utambulisho.

Kufanana, kulandana na kushabihiana yote niliyafuta, kwa kuwa yanazungumzia sura ya kitu na sura ya mwenzake, na sura ndiyo iliyotuponza. Kuoana ni neno zuri, watu husema rangi zimeoana, ila masikioni mwangu ndoa ni ya wawili, na hapa tulikuwa na vitambaa visivyopungua arobaini katika mfuko mmoja. Nilijaribu pia vitambaa wenza. Rafiki yangu, mshonaji wa miaka mingi, alicheka hadi akaweka mkasi chini. "Wenza? Unataka vigombane?" Mke mwenza amelishika neno hilo, hatuliwezi tena. Kuendana ndilo linalosikika mjini siku hizi. Sina ugomvi nalo, ila halisemi jinsi mambo yanavyotendeka. Vitu viwili vinaweza kuendana bila kimoja kumfanyia mwenzake lolote.

Neno nililolikuta mwishoni nilikuwa nalo tangu utotoni: kuchukuana. Majirani wanaoelewana wanachukuana. Mume na mke waliostahimiliana wanachukuana. Gauni lililompendeza mvaaji limemchukua. Na chini ya maana zote hizo ipo ile ya kubeba: kila mmoja amembeba mwenziwe. Vitambaa vinavyochukuana si lazima vifanane hata chembe. Kinachotakiwa ni kwamba kimoja kikiwekwa kando ya kingine, kila kimoja kionekane vizuri kuliko kilipokuwa peke yake.

Hili si shairi, ni jambo lililochunguzwa. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliwekwa mwaka 1824 kusimamia utiaji rangi katika karakana ya mazulia ya ukutani ya Gobelins, Paris. Miongoni mwa malalamiko aliyoyakuta ni kwamba nyuzi nyeusi zilikosa nguvu zikifumwa kando ya buluu na zambarau. Alipoupima weusi wenyewe aliukuta hauna kasoro. Tatizo lilikuwa jirani. Jicho linapotazama rangi mbili zilizopakana huzidisha tofauti zao, hata kila moja ikaonekana imechovywa kidogo katika kinyume cha mwenzake. Kitabu chake juu ya sheria hiyo kilitoka mwaka 1839, na kila anayepanga vitambaa leo anaifuata, ajue asijue.

Wanawake wa pwani yetu hawakumsubiri Chevreul. Husimuliwa kwamba kanga ilianza katika karne ya 19, pale wanawake walipokuwa wakinunua vitambaa vya leso ambavyo bado havijakatwa, wakavikata vitatu vitatu, kisha wakaviunga ubavu kwa ubavu kupata nguo moja ya leso sita. Leso ni neno la Kireno, na Mombasa mpaka leo kanga ni leso. Anayeunga chapa mbili hivyo ameshaamua ipi inaichukua ipi.

Nilipompigia wifi na neno jipya, tulianza upya na yale maua. Chapa zake zilikuwa za enzi ya shida. Baada ya uchumi wa Marekani kuporomoka mwaka 1929, familia nyingi za mashambani zilishona nguo kwa magunia ya pamba ya unga na chakula cha kuku. Wenye viwanda wakatambua kwamba anayechagua gunia ni mke wa mkulima, wakaanza kuyachapa maua. Rangi zilizopendwa zilikuwa za upole: waridi, samawati, njano, na kijani hafifu kama mnanaa uliochanganywa na maziwa. Duka la leo linauza nakala za chapa hizo, na huo ni msaada mkubwa kwa ua lililopungukiwa na kipande kimoja au viwili. Kwa sehemu kubwa, kama njia kati ya maua, nakala inarudisha balaa la jora la pili.

Njia tukaipa kitambaa ambacho Wamarekani hukiona cha kawaida mno: pamba nyepesi isiyotiwa dawa ya kuing'arisha, yenye weupe wa tui. Mimi nilipoiona picha yake nilipiga kelele. Hiyo ni marekani! Tangu miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta Unguja majora ya kitambaa cha namna hiyo kutoka viwanda vya New England. Mwaka 1833 nchi yao ilitia saini mkataba wa biashara na Sultani Sayyid Said, na mwaka 1837 konseli wao Richard Waters akafika Unguja. Kitambaa kikapewa jina la kwao, na jina likabaki hata kilipoanza kutoka kwingine. Mtafsiri hapati bahati hiyo mara nyingi: istilahi iliyovuka bahari mapema kabla yake, ikamsubiri.

Weupe huo ulikuwa na sababu. Pamba nyeupe ya dukani leo hutiwa dawa inayoifanya iangaze kwa mbali kama buluu, na kando yake kila kilichozeeka huonekana kimeoza. Weupe wa tui huubeba uzee. Maua yale hayakuonekana tena yamepauka, yakaonekana yalikusudiwa kuwa hivyo.

Ukingo ulitutesa zaidi. Wifi alibandika vitambaa ukutani, akarudi nyuma hatua tano, akafinya macho, mbinu wanayoitumia mafundi ili rangi zipotee na kubaki mwanga na kiza. Kisha akapiga picha kwa simu na kuifanya ya nyeusi na nyeupe. Waridi, kijani na samawati, vyote viligeuka majivu ya aina moja. Mfarishi wote ulikuwa unanong'ona, hakuna aliyesema kwa sauti. Ulihitaji kitu kizito. Nilipendekeza damu ya mzee, rangi ninayoipenda, akaikataa, na ni kweli ingeyameza maua yote. Tukachunguza chapa za zamani kwa kukuza picha, na katika nne au tano tukaona nukta ya buluu iliyokolea, ndogo kama tundu la sindano. Ushauri wangu kwa yeyote mwenye kiporo kama hiki ni huo: usiitafute rangi inayopiga kelele katika chapa, tafuta iliyojificha. Ukiileta ukingoni kwa wingi, zile nukta zinaamka, na mtazamaji anadhani ulipanga tangu mwanzo. Wifi akanunua buluu ya kaniki yenye vitone vyeupe. Vitone vidogo, kwa kuwa ua kubwa likikatwa kwa pembesita hubaki nusu jani na robo petali.

Mengine ni ya kawaida. Kipya hufuliwa kabla ya kukatwa, kwa sababu pamba hunywea, na nyekundu na buluu huchuja. Pamba huungwa na pamba ya uzito uleule, maana kitambaa kigumu kikivutana na kilichochoka, kilichochoka ndicho kinachochanika.

Katika faharasa ya kitabu changu sasa kuna mfarishi, kwa tandiko la matabaka matatu, neno la kale lenye asili ya Kiarabu ya kutandika. Kuna bitana kwa kitambaa cha chini, kama bitana ya koti. Kuna kudarizi kwa mishono inayoyashika matabaka pamoja, ingawa mhariri ananiambia wasomaji watafikiria kofia. Na kuna hili: "Vitambaa vya kuchukuana: vitambaa vya rangi na chapa tofauti vilivyochaguliwa ili kila kimoja kikipendezeshe kingine." Amenirudishia akiuliza kwa nini nisiandike vinavyofanana, lingekuwa fupi. Nimemtumia picha ya waridi.

Wifi amebakiza maua manne. Karatasi za gazeti amezitoa zote isipokuwa moja, iliyo karibu na kona, ambayo anasema ataifungia humohumo. Juzi aliibinya mbele ya simu ili nisikie. Inalia kama ganda la kitunguu.