Nadharia ya Muziki wa Dansi (Kilosa na Mikumi)

Nadharia ya muziki wa dansi ni maarifa ya sauti, kodi (sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) na mapigo yanayomwezesha mpigaji anayeanza kuingia kwenye bendi. Kilosa na Mikumi zimo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, mkoa uliolea baadhi ya wapiga gitaa mahiri zaidi Tanzania.

Historia

Kilosa ni mji wa Reli ya Kati na mashamba ya mkonge. Muziki wa eneo hili ulivutwa na bendi mbili kubwa za mjini Morogoro: Cuban Marimba ya Salum Abdallah, aliyefariki mwaka 1965, na Morogoro Jazz, alikong'ara Mbaraka Mwinshehe (1944–1979) kabla ya kuanzisha Super Volcano mwaka 1973.

Sauti

Skeli kuu ina sauti saba: do, re, mi, fa, so, la, ti. Kati ya mi na fa, na kati ya ti na do ya juu, kuna nusu sauti. Penginepo kuna sauti nzima. Kwenye gitaa kila freti ni nusu sauti, na freti ya 12 hurudisha sauti ya waya mtupu, ila juu zaidi. Waimbaji wa kwaya za makanisani huzijua sauti hizi kwa maandishi ya solfa.

Kodi

Huu ndio moyo wa dansi. Kodi ya msingi hujengwa kwa sauti ya kwanza, ya tatu na ya tano za skeli. Kwa hiyo, C ikiwa do, kodi ya C ni C, E na G. Nyimbo nyingi hutembea juu ya kodi tatu tu: ya kwanza, ya nne na ya tano. Katika ufunguo wa C, yaani C ikiwa do, hizo ni C, F na G. Katika ufunguo wa G ni G, C na D. Anayezikariri kwa namba hakwami mwimbaji anapoomba ufunguo upandishwe au ushushwe: namba hubaki zilezile, vidole ndivyo vinavyohama. Anayekariri mahali pa vidole peke yake hulazimika kujifunza wimbo upya.

Mapigo

Kipimo cha kawaida kina mapigo manne. Rumba yenye asili ya Kuba huongozwa na klave: mipigo mitano katika vipimo viwili, mitatu kisha miwili.

Mgawanyo wa kazi

Besi hushika sauti ya msingi ya kodi na kufungamana na ngoma. Gitaa la rizimu hutandaza kodi, sekondi solo hurudia kifungu kifupi, na solo hujibizana na mwimbaji. Wimbo unapochemka, magitaa hutawala. Mpigaji bora husikiliza wenzake kabla ya kuongeza chochote.

Mafunzo

Wengi hujifunza kwa sikio, ndani ya bendi au kwaya. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo hutoa mafunzo rasmi.