Laita Haina Betri, Stima Inatoka Wapi? Stori ya Kristali Zinazotoa Umeme Zikibanwa

Pitia kibanda chochote cha chai pale Wabera, katikati ya Isiolo taun, asubuhi kabla jua halijaanza kuchoma. Mathe anafungua gesi, anasongesha laita karibu na meko, anabonyeza: tak! Moto umeshika. Ndani ya hiyo laita hakuna betri. Hakuna waya imeenda kwa ukuta, hakuna tokeni imenunuliwa. Lakini ile cheche ya bluu ni stima kabisa, tena ya volti nyingi kushinda ile iko kwa soketi ya keja yako.

Inatoka kwa kristali, au fuwele kama walivyokufunza shule. Hako kakipande hakafiki saizi ya punje ya mahindi. Ukibonyeza laita, springi inajikunja mpaka mwisho, halafu inaachilia kanyundo kadogo kanagonga kristali ghafla. Ile "tak" unasikia ndiyo hiyo nyundo. Kristali ikigongwa, upande mmoja unakuwa na chaji chanya na upande wa pili chaji hasi, na stima inatafuta njia ya kuruka kutoka huku hadi kule. Hewa ya kawaida hukubali cheche kupita ukifikisha karibu volti 3,000 kwa kila milimita moja. Kwa hivyo ukiona cheche imeruka milimita tatu au nne, hapo kumepita volti kama elfu kumi. Stima ya soketi Kenya ni 240.

(Tunaongea kuhusu laita ya kubonyeza. Ile ya kuzungusha gurudumu na kidole ni stori ingine, hiyo ni kijiwe kinasuguliwa na chuma na hakuna stima hapo.)

Sasa mbona hiyo volti elfu kumi haikumalizi? Ju volti ni nyingi lakini nishati ni kidogo sana, na inaisha kabla hujamaliza kupepesa jicho. Fikiria tone la maji limeanguka kutoka orofa ya ishirini. Limetoka juu kweli, lakini bado ni tone. Shika hiyo picha, tutairudia tukifika kwa maneno ya kuchaji simu.

Vijana wawili wa Paris

Hii kitu iligunduliwa mwaka wa 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques Curie na mdogo wake Pierre. Jacques alikuwa na miaka 24, Pierre 21. Walikata vipande vyembamba vya kristali, wakabandika karatasi ya bati kila upande, wakakandamiza, na kipimo cha chaji kikasonga. Walijaribu turmalini, topazi, kwatzi (lile neno Quartz limeandikwa kwa uso wa saa ya ukutani), hadi sukari ya miwa. Zote zikajibu.

Mwaka uliofuata, mwanafizikia Gabriel Lippmann akapiga hesabu akasema lazima kinyume chake kiwe kweli pia: ukiipa kristali stima, itajinyoosha au ijifinye. Curie wakarudi maabara wakajaribu, na ikawa ndivyo. Wanasayansi wanaita huo umeme piezo, kutoka neno la Kigiriki la kubana. Pierre ndiye baadaye alimuoa Marie, yule Marie Curie unamjua, na kifaa chao cha kwatzi ndicho Marie alitumia kupima miale hadi wakapata poloniamu na radiamu mwaka wa 1898.

Kwa nini kwatzi inatoa na yakuti inakataa

Kila kristali imejengwa na chembe ndogo zimejipanga kwa mpangilio mmoja unaojirudia mamilioni ya mara. Zingine zina chaji chanya, zingine hasi. Kristali ikiwa imetulia, chanya na hasi zinalingana na huoni kitu.

Chukua wasee watatu wasimame kama pembetatu, kila mmoja ameshika kamba, na kamba zote zimefungwa fundo moja katikati. Wote wakivuta sawa, fundo linabaki pale pale. Sasa banisha hiyo pembetatu kutoka kando: wawili wanasukumwa karibu, yule wa tatu amebaki na nafasi yake. Mvuto haulingani tena na fundo linahama. Hiyo ndiyo kwatzi. Imeundwa na silikoni na oksijeni, na mpangilio wake umekaa kitatu-kitatu. Ukiifinya, katikati ya chanya na katikati ya hasi zinaachana, na stima inajitokeza kwa nyuso za kristali.

Rudia mchezo na wasee wanne, kila mmoja ameangaliana na mwenzake. Banisha unavyotaka. Kila anayesogea, wa upande wa pili anasogea vile vile, na fundo halihami. Kristali za hivyo, hata uzigonge na nyundo ya fundi mjengo, hazitoi kitu.

Na hapa ndio Isiolo inaingia kwa stori vizuri. Kaunti hii inajulikana na watu wa mawe kwa sababu ya yakuti za Garba Tula: za bluu, za kijani, zingine za rangi ya dhahabu. Yakuti safi inaweza kukuomoa kimaisha. Lakini mpangilio wake wa ndani ni ule wa wasee wanne, kila chembe na pacha wake upande wa pili. Ukiibana, stima ni sufuri. Ganeti ni hivyo hivyo, na hata chumvi ya jikoni. Ile kwatzi nyeupe ambayo hakuna mtu ainami kuiokota, hiyo ndiyo ina stima. Turmalini, ambayo kwa Kenya huchimbwa kule Taita Taveta, inatoa pia, na hiyo hata ukiipasha moto tu inapata chaji na kuanza kuvuta majivu.

Kwa hivyo msee akikushikia jiwe akuambie bei iko juu ju "lina stima ndani", jua mambo mawili. Moja, bei ya jiwe la pete haina uhusiano na stima. Mawe ya bei kali mengi hayana kabisa. Pili, na hii ndiyo huwa wanaficha: viwanda vya simu na saa havinunui kwatzi ya kuokota. Zamani walinunua kweli. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, redio za jeshi zilihitaji kwatzi safi na nyingi ilitoka Brazil. Lakini baada ya hapo viwanda vilijifunza kuikuza vyenyewe ndani ya mitungi ya chuma yenye maji moto na presha ya kutisha, ikitoka bila ufa na bila uchafu. Gunia la kwatzi ya "kuuzia kampuni za simu" ni gunia la mawe. Usitoe doo yako hapo.

Tuje kwa kiatu cha kuchaji simu

Mwaka wa 2012, kijana Mkenya anaitwa Anthony Mutua, miaka 24 wakati huo, alionyesha Nairobi kichipu chenye kristali nyembamba kinachokaa ndani ya soli ya kiatu. Ukitembea, uzito wako unakibana, stima inatoka, unachaji simu. Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia lilimuunga mkono na habari ikazunguka dunia nzima. Na si ajabu. Kwa mtu ako na ng'ombe mbali na nguzo za stima, na simu imezima, hiyo si mchezo.

Wazo ni halali, fizikia inakubali. Swali ni kiasi, na hapa lazima tupige hesabu bila hasira. Watafiti wa MIT kule Marekani walijaribu viatu vya piezo mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzo wa 2000. Kisigino chao kilichofanya vizuri zaidi kilitoa wastani wa miliwati 8 na kitu mtu akitembea. Weka viatu viwili, sema miliwati 17. Betri ya simu ya kisasa ya 5,000 mAh inabeba karibu wati-saa 19.

Sasa toka Wabera na miguu, shika barabara kuu ya kaskazini, pita Archer's Post, Laisamis, Marsabit, hadi Moyale. Ni kilomita kama 500. Kwa mwendo wa kilomita tano kwa saa, hayo ni masaa 100 ya kutembea. Ukifika Moyale, viatu vya aina ile ya MIT vimekupa karibu wati-saa 1.7, yaani asilimia tisa ya betri. Hiyo ni kabla ya kuhesabu inayopotea njiani kwa waya na chaja. Mulika mwizi yenye betri ndogo ya 1,000 mAh ingefika karibu nusu. Paneli ndogo ya sola ya wati tano, kwa jua la Isiolo, inakupa zaidi ya hiyo ndani ya saa moja.

Lile tone la orofa ya ishirini ndilo hili. Kristali hutoa volti kubwa na nishati kiduchu, ju haijifinyi sana. Ni ngumu, inasogea kidogo mno, na kazi unayoifanyia ni nguvu mara umbali iliosogea. Tena hakuna cha bure: ukiongeza kitu kinachobonyea zaidi chini ya kisigino ili upate stima zaidi, unaanza kutembea kama mtu ako kwa mchanga wa lugga, na miguu ndiyo inalipa. Wazo la kuweka kristali chini ya lami ili malori ya Moyale yatoe stima lina shida hiyo hiyo. Stima ingetoka kwa dizeli ya mwenye lori.

Mahali inafanya kazi hadi unaisahau

Piezo haina nguvu ya kulisha keja, lakini kwa kuhisi na kuhesabu hakuna mwenzake.

Cheki saa. Ndani kuna kijikwatzi kimechongwa kama uma wenye meno mawili. Betri inakipa stima kidogo, kinatetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na hakiyumbi. Kwa nini hiyo namba ya ajabu? Igawe kwa mbili mara kumi na tano, unapata moja. Sekunde moja, ndio hiyo. Saa ya kwanza ya mkononi ya aina hiyo kuuzwa, Seiko Astron, ilitoka Tokyo Desemba 1969 ikiwa na bei ya gari dogo. Leo ya mtaani unanunua na soo mbili, na kijikwatzi cha ukoo huo huo kimekaa ndani ya simu nyingi kikilinda wakati.

Halafu kuna skani ya mama mjamzito, na kwangu hapa ndio piezo imefanya kazi kubwa kuliko zote. Kile kifaa daktari anapitisha kwa tumbo kina safu ya vipande vya piezo, siku hizi vya kauri iliyotengenezwa. Stima inavitetemesha zaidi ya mara milioni mbili kwa sekunde. Sikio lako linaishia elfu ishirini. Sauti inaingia mwilini, inagonga mtoto, mwangwi unarudi, na vipande vile vile vinabanwa na huo mwangwi na kutoa stima. Kompyuta inachora picha. Kilichoanza ni njia ya kutafuta nyambizi baharini: Mfaransa Paul Langevin, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Pierre Curie, alitumia kwatzi hivyo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Ile jeli baridi wanapaka si ya kulainisha ngozi. Hata hewa kidogo kati ya kifaa na ngozi inarudisha karibu sauti yote, kwa hivyo jeli inaifukuza. Na ukiona mhudumu anakishika hicho kifaa kama yai, ana sababu. Kikianguka kwa sakafu, kauri inapasuka ndani na picha inabaki na michirizi myeusi mahali kipande kimekufa. Kina mama wa huku kaskazini husafiri mbali kufikia mashine moja, na mchirizi mweusi unaweza kukaa juu ya kitu ambacho daktari alihitaji kuona.

Unataka kujionea mwenyewe?

Tafuta kitu cha zamani kinacholia biip, kama saa ya kengele iliyokufa. Ndani ya nyingi kuna kisahani chembamba cha shaba saizi ya sarafu, kina duara nyeupe katikati. Hiyo nyeupe ni piezo. Unganisha waya zake mbili na kitaa kimoja cha LED, zima taa ya nyumba, gonga kisahani na kidole. LED itamweka kila ukigonga. Kristali ya laita pia inafanya kazi, lakini inauma kidole vibaya, na usiichezee karibu na gesi wala simu.

Kama huna hata hiyo, ngoja usiku wa giza kabisa, kaa dakika kumi macho yazoee, halafu ponda sukari ya chembe kubwa kati ya vijiko viwili, au sugua mawe mawili ya kwatzi nyeupe kwa nguvu, macho ukiyakinga. Utaona mwanga hafifu unapita ndani. Kwa sukari, stima ya kuvunjika kwa kristali ndiyo inawasha hewa. Kwa kwatzi, wanasayansi bado wanabishana ni kiasi gani cha huo mwanga ni piezo na kiasi gani ni jiwe kupasuka tu.