Nani Atawaandika Wafungwa wa Ngome?

Ndugu msomaji, ukiingia Ngome ya Yesu pale Mombasa, usiishie kwenye mizinga tu. Ulizia ile michoro ya ukutani. Kuna meli, kuna watu, kuna samaki, kwa rangi nyeusi na nyekundu. Ni kazi ya Wareno wa karne ya 17, mabaharia au askari, na majina yao hayajulikani. Labda zamu iliwachosha, wakakumbuka kwao. Mafundi wakubwa hawakuwa, lakini michoro yao leo inatunzwa kama mboni ya jicho.

Ngome ilianza kujengwa mwaka 1593, na aliyechora ramani yake ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Mwaka 1698 Waomani wakaitwaa, baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mwaka 1895 Mwingereza akaigeuza jela, ikabaki jela mpaka 1958. Miaka 63, si mchezo!

Kisha wakfu wa Gulbenkian wa Ureno ukatoa fedha. Majengo ya jela yakaondolewa, Ngome ikatengenezwa, na ikawa makumbusho. Silipingi hilo, pengine leo tungekuwa na gofu tu. Lakini hebu tupige hesabu. Mreno aliyechora meli kupitisha wakati amehifadhiwa. Mfungwa wetu aliyelala ndani ya kuta zilezile, alama yake iko wapi? Hata UNESCO ilipoiingiza Ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, kilichosifiwa hasa ni ufundi wa Wareno wa kujenga maboma. Anayetengeneza jengo ndiye anayechagua ukuta upi ubaki na upi ubomolewe.

Basi kazi iliyobaki ni yetu, na haina muda. Kijana aliyekuwa na miaka 20 jela ilipofungwa, leo anakaribia 90. Sisi tunaojiita waandishi tunaumiza vichwa kubuni visa vya mapenzi, kumbe visa vyenyewe vimekaa barazani vinakunywa kahawa! Twende tukawaulize wazee, waliofungwa na waliopeleka chakula mlangoni. Walishikwa kwa kosa gani? Usiku walisikia nini? Nani alitoka, nani hakutoka? Tuandike, hata kama ni kwenye daftari la shule. Mimi langu nimeshanunua. Riwaya yangu itangoja, mzee hangoji.