"Ain't" na Mamlaka ya Kamusi: Historia ya Mgogoro wa Maumbo ya Mkato katika Kiingereza

Ubishi kuhusu maumbo ya mkato katika Kiingereza cha mazungumzo huelezwa kwa kawaida kuwa ubishi wa sarufi. Makala hii inadai kwamba historia ya maumbo hayo inaonesha jambo jingine: kilichohukumiwa ni hadhi ya msemaji, si muundo wa neno.

Lawama za mwanzo zililenga ufupishaji wenyewe. Mwaka 1710, katika jarida la Tatler, Jonathan Swift alishutumu mtindo wa kukata maneno na kuyaunganisha, yakiwamo "can't" na "shan't". Mwaka 1711, Joseph Addison alilalamika katika Spectator kwamba kudondosha irabu kulirundika konsonanti na kuharibu mlio wa lugha. Mwaka 1712 Swift alipendekeza kiundwe chombo cha kuirekebisha lugha na kuithibitisha. Hata hivyo, barua zake binafsi za miaka hiyohiyo, zijulikanazo kama Journal to Stella, zimejaa mikato.

Pendekezo lake halikutekelezwa, na mikato ile ikakubalika. Kukubalika huko hakukutegemea utaratibu wa kisarufi: "shan't" imepoteza konsonanti ya shina, na "won't" inatokana na umbo la kale "woll", si "will" ya leo.

Umbo "ain't" lilipata hatima tofauti. Mtangulizi wake, "an't", mkato wa "am not" na "are not", alikwishatumika katika karne ya 17. Matumizi yalipopanuka hadi kusimama badala ya "is not" na "has not", wanasarufi wa karne ya 19 walilihesabu kuwa dalili ya ukosefu wa elimu, na Charles Dickens akaliweka vinywani mwa wahusika wa tabaka la chini. Nafsi ya kwanza umoja ikabaki na pengo katika maswali. Uskoti na Ayalandi zina "amn't". Uingereza ikaeneza "aren't I", ingawa "are" haipatani na "I". Umbo linalovunja upatanisho likapokewa, na lenye nasaba ya "am not" likakataliwa.

Mgogoro ulifika kileleni nchini Marekani mwaka 1961, ilipochapishwa Webster's Third, iliyohaririwa na Philip Gove. Toleo la 1934 nalo liliorodhesha "ain't", ila kwa alama iliyolihusisha na lahaja na wasiosoma. Toleo jipya lilieleza kwamba, ingawa wengi hulikataa, wasemaji wengi walioelimika hulitumia katika mazungumzo. Magazeti, likiwamo New York Times, yaliishutumu kamusi kwa kuacha wajibu wa kulinda usahihi. Mwaka 1969 ikatoka American Heritage Dictionary, yenye jopo la kutoa maoni kuhusu matumizi.

Kiswahili kinatoa kipimo cha kulinganishia. "Mumewe", "mwanangu" na "nduguze" ni mikato pia, lakini huhesabiwa kuwa ufasaha, si uvivu wa ulimi. Mkato, kwa hiyo, hauna aibu ya asili. Alama ya matumizi katika kitomeo cha kamusi ni dai kuhusu jamii. Mwanaleksikografia anayeiweka anapaswa kuithibitisha kwa ushahidi wa nani hulitumia neno, wapi na katika muktadha gani.