Sanamu ya Askari, Dar es Salaam
Askari huyu wa shaba nyeusi amesimama kwenye makutano ya Samora na Azikiwe tangu 1927, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, kuwakumbuka Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza. Kabla yake palikuwa na sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa baada ya kuutwaa mji 1916; ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha 1968.

Usiishie kumtazama askari. Zunguka ubavuni, uiname kidogo: kwenye msingi kuna wapagazi na mizigo yao. Hao wanastahili muda wako zaidi. Mbung'o waliua wanyama wa mizigo, basi risasi, chakula na majeruhi vikabebwa na watu, wengi wao wakiwa wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Malaria, njaa na kuhara damu viliwamaliza zaidi kuliko vita vyenyewe. Majina yao hayakuandikwa hapa.

Kambi ya wapagazi ilikuwa Kariakoo, palipo soko leo. Kwa miguu si mbali.