Skwadroni ya 82: ndege za bomu zilizopiga Afrika picha

Tangu Desemba 2013, MONUSCO ilipoanza kurusha droni zake hapa Goma, swali moja halikomi kambini: hizo picha zinaenda wapi, na nani anaziangalia? Juzi mzee mmoja aliyekimbia kutoka Masisi aliongeza la kwake. Alitaka kujua kama kuna ndege ya zamani iliyowahi kupiga picha shamba la baba yake. Mzee, nakujibu, lakini nianzie mbali kidogo.

Jeshi la anga la Uingereza lilikuwa na kikosi kiitwacho Skwadroni ya 82. Wakati wa vita vya pili vya dunia kazi yake ilikuwa kutupa mabomu, na kilipata hasara ya kutisha. Tarehe 17 Mei 1940 ndege zake 12 zilienda kushambulia Wajerumani huko Gembloux, Ubelgiji. Ilirudi moja. Miezi mitatu baadaye, huko Aalborg, Denmark, zikaanguka 11.

Vita vikaisha. Mwaka wa 1946 London ilifungua ofisi ya kuchora karti za makoloni, chini ya Martin Hotine, mwanajeshi mpimaji. Serikali ilitaka kujenga barabara, kufungua mashamba makubwa na kutafuta maji, na nchi nyingi ilizozitawala hazikuwa na karti ya kuaminika. Skwadroni ya 82 ikaundwa upya, ikapewa ndege kubwa za Lancaster. Zilikuwa za mabomu, sasa zimetolewa bunduki na kufungwa kamera. Zikafanya kazi toka Takoradi, katika Ghana ya leo, na toka Nairobi.

Kazi yenyewe ilitaka uvumilivu. Rubani anashika mstari ulionyooka, bila kuyumba, na kamera inapiga kila baada ya muda uleule. Kila picha inafunika zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Ukizitazama mbili pamoja kwa kifaa chenye lenzi mbili, mlima unasimama na bonde linazama, kama vile uko juu yake. Wingu moja tu, na mstari huo unarudiwa siku nyingine. Sisi wa Kivu hatuhitaji kuelezwa habari za mawingu!

Hadi mwaka 1952, walipoitwa kurudi kwao, walikuwa wamepiga picha zaidi ya kilomita za mraba milioni 3. Kongo yetu nzima haifiki milioni 2 na nusu.

Lakini kamera huona paa la nyumba, haioni jina la mwenye nyumba. Ilibidi wapimaji wapande milima kwa miguu kuweka alama, kisha waulize wakaaji: mto huu unaitwaje, kijiji hiki ni cha nani? Aliyesikia vibaya aliandika vibaya, na jina likabaki hivyo kwenye karti. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wote. Mtu wa ofisini huamini karti kuliko mdomo wa mkulima. Filamu nazo zilipelekwa Uingereza. Leo sehemu kubwa imehifadhiwa Edinburgh, mbali sana na wale ambao mashamba yao yamo ndani.

Sasa jibu la mzee. Skwadroni ya 82 haikutumwa kupiga picha Kongo, kwa sababu huku walitawala Wabelgiji. Wao walianzisha taasisi yao ya jiografia ya Kongo mwaka 1949, nayo pia ilitumia picha za ndege. Jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Bruxelles, limetunza picha nyingi za anga za Kongo, Rwanda na Burundi za miaka hiyo. Kama shamba la baba yako lilipigwa picha, mzee, huko ndiko pa kuulizia. Ukitafuta, taja jina la kilima na la mto ulio karibu, yote mawili, jinsi baba yako alivyoyatamka.