Gari la Theluji na Ardhi ya Watu Wote

Mwanafunzi wa Kenya huijua theluji kwa kuitazama kutoka mbali, alfajiri, mawingu yanapokiacha wazi kilele cha Mlima Kenya. Kwake yeye theluji ni pambo la mlima. Lakini katika jimbo la Quebec, nchini Kanada, theluji ilikuwa kama kifungo. Ilipoanguka ilizifunika barabara, na watu wa mashambani wakakaa miezi kadha bila kutumia magari yao, wakisafiri kwa vyombo visivyo na magurudumu vilivyoburutwa na farasi.

Katika kijiji cha Valcourt aliishi fundi wa magari, jina lake Joseph-Armand Bombardier. Mwaka 1934, wakati wa baridi kali, mtoto wake mdogo alishikwa na maradhi ya tumbo yaliyohitaji kupasuliwa upesi. Hospitali ilikuwa mbali, njia zimezibwa na theluji, na mtoto akafa. Tangu ujana wake fundi huyo alikuwa akijaribu kuunda gari la theluji; sasa aliishika kazi hiyo kwa moyo wa mtu aliyefiwa. Mwaka 1937 alipewa hati ya serikali ya kulinda uvumbuzi wake. Gari lake lilikuwa na mikanda ya mpira nyuma, iliyozungushwa na magurudumu yenye meno, na mbele lilikuwa na miguu ya kuteleza. La kwanza lilichukua watu saba. Magari ya namna hiyo yakawa yakichukua madaktari, barua na watoto wa shule.

Mwaka 1959 kiwanda chake kilitoa chombo kingine, kidogo na chepesi, kiitwacho Ski-Doo. Bombardier alikikusudia kiwafae wamisionari na wategaji wa wanyama wa kaskazini, lakini watu wengi wakakinunua kwa ajili ya starehe. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo halikuwako zamani: chombo kisichohitaji barabara, je, kiendeshwe wapi?

Swali hilo lilikuwa zito zaidi katika nchi ya Marekani, kwa kuwa huko serikali kuu inashika misitu na milima mingi kwa niaba ya raia wote. Yellowstone, iliyotengwa mwaka 1872, ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Mwaka 1955 wageni walianza kupelekwa humo wakati wa baridi katika magari makubwa ya theluji, na mwaka 1963 vikaingia vile vyombo vidogo. Baadaye wakuu wa hifadhi wakaanza kuzisawazisha barabara zilizofunikwa na theluji ili vyombo hivyo vipite vizuri, na idadi yake ikazidi mwaka hata mwaka.

Serikali ikaona haja ya kuweka mipaka. Tayari sheria ya mwaka 1964 ilikuwa imepiga marufuku magari ya injini katika nyika zilizotengwa zibaki katika hali yake ya asili. Mwezi wa Februari 1972 Rais Richard Nixon alitoa amri kwamba kila idara yenye kutunza ardhi ya umma ibainishe mahali panaporuhusiwa magari yapitayo nje ya barabara, pamoja na yale ya theluji, na mahali yanapokatazwa. Njia zichaguliwe kwa namna ya kupunguza madhara kwa udongo, mimea na wanyama, na ugomvi baina ya watu wenyewe. Mwaka 1977 Rais Jimmy Carter akaongeza kwamba mahali panapoonekana kuharibika pafungwe mara moja.

Lakini kuandika amri ni jambo moja, na kuitimiza ni jambo jingine. Katika miaka ya 1990 mamia ya vyombo viliingia Yellowstone kwa siku moja. Injini zake zilichoma mafuta ya kulainisha pamoja na petroli, na moshi ukatanda katika lango la magharibi hata baadaye baadhi ya walinzi wakapewa vifuniko vya kuzuia hewa chafu. Katika baridi ya 1996 na 1997, nyati wa Marekani zaidi ya 1,000 waliotoka nje ya hifadhi waliuawa, kwa hofu ya kuambukiza ng'ombe maradhi. Watetezi wa wanyama wakaenda mahakamani, wakidai kwamba zile barabara zilizosawazishwa ndizo zilizowarahisishia nyati kutoka.

Mwezi wa Januari 2001 serikali ya Rais Bill Clinton ilitangaza kwamba vyombo hivyo vitaondolewa hatua kwa hatua. Serikali iliyofuata ikaibadili kanuni hiyo. Mwezi wa Desemba 2003 jaji mmoja mjini Washington akairudisha. Miezi miwili baadaye jaji mwingine, katika jimbo la Wyoming, akaizuia. Wenye hoteli na wakodishaji wa vyombo walililia riziki yao. Wapenda utulivu walililia ukimya wa msitu. Kila upande ulikuwa na haki ya kusema, maana ardhi ile ilikuwa yao wote.

Mwisho wake ulikuwa mapatano. Kanuni ya mwaka 2013 iliruhusu safari zisizozidi 110 kwa siku, kila safari ikiwa ni gari moja kubwa au kundi la vyombo vidogo visivyozidi 10, vikiwa na kiongozi, katika barabara zilizotajwa tu, na vyenye injini za moshi na kelele kidogo. Mwaka 2015 Idara ya Misitu nayo, baada ya kushindwa mahakamani, ilitoa kanuni kwamba katika misitu yenye theluji ya kutosha chombo kiende pale tu palipoonyeshwa katika ramani ya msitu huo.

Historia hii yatufunza kwamba ardhi ya watu wote si ardhi ya kila mtu kutenda apendavyo. Nasi katika hifadhi zetu za Kenya dereva huagizwa asiiache njia, ingawa simba amelala hatua chache tu majanini. Fundi wa Valcourt alitafuta kupita mahali pasipo na njia, kwa sababu mtoto wake alikufa kwa kukosa njia. Waliokirithi chombo chake wamelazimika kuzichora upya njia hizo katika ramani, na kukubaliana kuzifuata.